Ukitoka na mbwa nje ya Tanga mjini: anza na saa, mahali baadaye

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Chumbageni. Nimelifupisha kidogo:

"Daktari shikamoo. Tumehamia Tanga kutoka Mwanza. Tuna watoto wawili, wa miaka 8 na 11, na mbwa jike anaitwa Kito, chotara wa German Shepherd na wa kienyeji, ana miaka 4 na kilo 28. Uani kwetu padogo, naona ananyong'onyea. Mwisho wa wiki nataka tutoke naye nje ya mji tukatembee. Nimetajiwa mapango ya Amboni, magofu ya Tongoni na msitu wa Amani. Baba watoto anaogopa ugomvi na wenyeji, maana hata hapa mtaani Kito akipita watu wanaruka mtaro. Tumpeleke wapi, na tujiandae vipi?"

Marahaba mwanangu, karibuni Tanga.

Pote patatu ulipotajiwa ni pazuri, na pote patatu nakushauri uende na watoto, Kito abaki nyumbani. Waliokutajia walimfikiria mgeni, hawakumfikiria mbwa. Mbwa hana haja na pango wala gofu. Anachotaka ni njia ndefu yenye harufu za kunusa, kivuli cha kupumzikia, maji ya kunywa, na watu wachache wa kushtuana nao. Hayo yote Tanga yapo tele. Ila huwezi kuyapata saa yoyote unayotaka, ndiyo maana nitaanza na saa.

Kito amezoea Mwanza, mji ulio zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hapa yuko usawa wa bahari wenyewe, na hewa ya pwani ina unyevu mwingi. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi, ana vijasho vidogo tu kwenye nyayo. Joto analitoa kwa kuhema: mate ya ulimini na unyevu wa puani vinakauka, na vikikauka ndipo damu inapoa. Hewa ikishajaa unyevu, mate hayakauki, basi anahema bure. Ndiyo maana saa tatu asubuhi ya Tanga inaweza kumwangusha mbwa ambaye saa sita ya Mwanza alikuwa anacheza. Mbwa wako tena ana manyoya ya German Shepherd, ya tabaka mbili.

Kwa hiyo, wakati wa kaskazi, kuanzia Novemba hadi Machi, tokeni nyumbani saa 11 alfajiri, muanze kutembea saa 12 kunapokucha, na saa 2 na nusu iwakute kivulini. Kusi ikishashika, hasa Juni hadi Agosti, mnaweza kujivuta hadi saa 3 na nusu. Jioni siipendi sana kwa sababu ardhi inabaki na joto la mchana kutwa. Mkilazimika, iwe baada ya saa 11, na kabla hajakanyaga lami au mchanga mkavu weka mgongo wa kiganja chako chini, uhesabu hadi saba. Ukishindwa kufika saba, nyayo zake zitaungua.

Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38 hadi 39 na kidogo. Likifika 41 viungo vya ndani vinaanza kuharibika. Hamtakuwa na kipimajoto porini, basi mtazameni ulimi: ukitoka mrefu, mpana, mwekundu wa kuiva, mate yakawa mazito yanayonata, na yeye akaanza kupepesuka au kutapika, safari imekwisha. Mlazeni kivulini, mmwagieni maji ya kawaida tumboni, kwapani na kwenye nyayo, huku mwingine anapepea. Watu wengi humfunika kanga iliyolowa na kumwacha hivyo. Msifanye hivyo, kanga ikishapata joto inamfukiza. Mwagieni, pepeeni, mwagieni tena. Hata akisimama na kutikisa mkia, mpelekeni kwa daktari siku hiyo hiyo, kwa sababu figo zinaweza kuleta shida kesho yake.

Maji: mbwa wa kilo 28 akikaa tu nyumbani anakunywa kama lita moja na nusu kwa siku. Kwa asubuhi ya matembezi bebeni lita 3 za kwake peke yake, na bakuli lake. Akiwa na kiu atakunywa maji ya bahari, na hayo yanamletea kuhara na kutapika, akizidisha yanamdhuru zaidi.

Sasa mahali. Amboni niitaje kidogo, maana watoto wataililia. Ni mapango ya mawe ya chokaa, kama kilomita 8 kaskazini ya mji kwenye barabara ya Horohoro. Ndani kuna giza na popo wengi, na wapo watu wanaokuja kufanya matambiko humo. Mwongoza wageni huenda akawasimulia kisa mashuhuri cha Wazungu wawili walioingia pangoni na mbwa wao wasionekane tena, mbwa akaja kukutwa amekufa huko upande wa Kilimanjaro. Ni hadithi tamu. Wapimaji waliokagua mapango mwaka 1994 walikuta refu kuliko yote halifiki hata kilomita moja, kwa hiyo huyo mbwa alikuwa na njia yake mwenyewe. Kito hana anachokwenda kufanya humo: kinyesi cha popo kina kuvu anayeingia mapafuni, na pua ya mbwa inafagia chini muda wote.

Tongoni ni makaburi. Zaidi ya makaburi 40 ya kale pamoja na gofu la msikiti, na kijiji cha Waislamu kando yake. Mbwa akikojolea nguzo ya kaburi la mtu, hata awe amezikwa karne ya 15, huo ugomvi baba watoto anaouogopa atakuwa ameutafuta mwenyewe.

Amani ni hifadhi, na msitu ule wa Usambara Mashariki una viumbe visivyopatikana penginepo duniani. Mbwa hata akiwa mpole anawatisha mbega na kubeba maradhi. Mwaka 1994 kirusi cha distempa, ugonjwa wa mbwa, kiliingia kwa simba wa Serengeti na kuua kama theluthi moja yao. Mkumbuke hilo mtakapopata hamu ya kwenda Saadani au Mkomazi pia: hifadhi za taifa haziruhusu mbwa kabisa, na sababu haihitaji kuelezwa tena.

Mahali pa kwanza ambapo mimi ningempeleka Kito ni shamba la mkonge. Mkonge uliingia nchini mwaka 1893, ukapandwa Kikogwe kule Pangani, na tangu hapo mkoa huu umekatwakatwa kwa barabara za shamba zilizonyooka, mnaona mbele na nyuma, hakuna magari ila trekta la hapa na pale. Kwa mbwa anayejifunza kutembea na watoto hakuna darasa bora. Mashamba yapo kuelekea Muheza, yapo Amboni, yapo Kigombe. Ni mali ya watu, kwa hiyo siku za kazi pita ofisi ya shamba, umwone msimamizi, umweleze mnataka kutembea na mbwa aliyefungwa kamba Jumapili asubuhi, na umuulize vitalu gani vinakatwa. Sijawahi kuona mtu aliyeomba kwa adabu akafukuzwa. Wanaofukuzwa ni wanaokutwa katikati ya kitalu.

Hatari ya mkonge ni mwiba wa ncha ya jani, na kwenye mkonge mchanga ncha hiyo iko sawasawa na jicho la mbwa. Mbwa abaki barabarani, asiruhusiwe kukimbiza sungura ndani ya mistari. Msikaribie korona pia, ile mashine ya kusaga mkonge. Maji yanayotoka mkonge unaposagwa yanachoma ngozi, na mbwa akilala ndani yake mtahangaika wiki nzima. Halafu kuna kifutu, nyoka mnene anayependa kujianika njiani asubuhi na hakimbii akisikia hatua. Kamba ya mita mbili inatosha kumzuia Kito asimkanyage. Swila yeye hutema mate machoni. Ikitokea, suuza jicho kwa maji mengi safi papo hapo, kisha daktari.

Pa pili ni pwani ya Kigombe, kati ya Tongoni na Pangani. Hapo mnapata minazi, mchanga na upepo. Lakini pwani huwezi kwenda kwa kalenda ya ofisini, unakwenda kwa kalenda ya mwezi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji huku kwetu hutoka sana kwenye saa 4 asubuhi. Maana yake mkianza saa 12 bahari inarudi nyuma mkiwa mnatembea, na kila dakika mnaongezewa mchanga mgumu uliopoa, ambao mbwa anaupenda kuliko zulia. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ni kinyume: kwenye saa 4 hiyo hiyo ndipo maji yamejaa, nanyi mmebanwa kwenye mchanga mkavu wa moto.

Bamvua ina jambo lake. Ndizo siku akina mama wanaposhuka kwenye mwani na kuokota chaza na kombe. Kamba za mwani ni mtaji wa mtu. Mbwa wa kilo 28 akizipitia mbio anakata mavuno ya wiki kadhaa, na hapo usiseme "samahani, anacheza tu". Basi nyinyi mbaki juu, pwani kavu na mchanga wa kati, wao wabaki chini. Msimshushe kwenye mwamba wa matumbawe kabisa, unakata nyayo mithili ya chupa iliyovunjika, na kidonda cha nyayo hakiponi upesi kwa sababu ndicho anachokikanyaga. Ukanda ule wa bahari umo katika Hifadhi ya Bahari ya Silikanti iliyotangazwa mwaka 2009, na kasa hutaga kwenye fukwe za Pangani. Mbwa akianza kufukua mchanga juu ya mstari wa maji makuu, mvute.

Na sasa lile ninalotaka ulishike kuliko yote ya pwani: bunju, samaki mwenye sumu anayejituna. Wavuvi wakimpata kwenye wavu humtupa mchangani, maana wanajua hawezi kuliwa. Mbwa hajui. Sumu ya bunju inalegeza misuli, kuanzia miguu hadi ile ya kupumulia, na haina dawa ya kuivunja. Mbwa akipata tonge moja anaweza kufa mbele yenu akiwa na akili zake timamu. Mfundisheni Kito neno "acha" nyumbani kwanza, kwa kipande cha nyama, mpaka aache nyama mkononi mwa mtoto. Kabla hajaliweza hilo, afungwe kifunga mdomo kinachomruhusu kuhema na kunywa. Watoto wako pia wasimshike samaki yeyote aliyetuna.

Msiketi chini ya mnazi wenye nazi, wala msimfunge mbwa hapo. Wageni kutoka bara huwa mnasahau.

Mto Pangani una mamba. Mbwa kwenye ukingo wa mto ule ni chakula, siongezi neno.

Pa tatu, kwa miezi ya kusi, ni machungwani Muheza, kama kilomita 35 kutoka mjini. Njia zina kivuli kinachowaruhusu kuongeza saa moja. Mtafuteni mwenyeji mwenye shamba, mumuulize mambo mawili: kama amepuliza dawa wiki hiyo, na kama kuna mitego au sumu ya nguruwe pori na nyani. Mitego ya waya ipo, na mbwa akinaswa anazidi kuvuta na waya unazidi kukaza. Kwa hiyo kwenye mfuko wenu iwemo koleo ya kukatia waya. Ni kifaa cha bei ndogo na watu wachache hukibeba.

Nije kwa baba watoto na wanaoruka mtaro. Mimi ni Mwislamu na kazi yangu ni mbwa, kwa hiyo nina nguo za kazi na nguo za swala, na hazikutani. Wengi wa hapa pwani tunafuata madhehebu ya Shafi. Kwetu mate ya mbwa na maji yanayomtoka ni najisi nzito: kilichoguswa huoshwa mara 7, moja kati ya hizo kwa udongo. Mzee aliyevaa kanzu anakwenda msikitini, Kito akamlamba au kumpakaza maji, amemrudisha nyumbani na swala imempita. Huyo anayeruka mtaro hakuchukii wala hamchukii mbwa wako. Analinda twahara ya mwili na nguo zake. Mbwa mkavu akigusa kitu kikavu hakuna neno. Tatizo ni unyevu, na hapo ndipo wageni wanapokosea: asubuhi wanapita kijijini na mbwa mkavu, kila mtu anatabasamu, saa 3 wanarudi na mbwa aliyetoka baharini anajikung'uta katikati ya njia. Mfuteni na kumkausha kabla hamjarudi penye watu, na mpite pembeni, upande wa chini ya upepo.

Mengine ni adabu ya kawaida. Mkifika kijijini mmoja wenu atangulie bila mbwa, asalimie, aseme mnatoka wapi na mnakwenda wapi. Mkikutana na mtu njiani, nyinyi ndio mnaotoka njiani, mbwa akalishwa kitako, yeye akapita. Watoto wa madrasa wakipita kwa makundi, mgeuzeni Kito atazame upande mwingine. Usipite mbele ya msikiti mchana wa Ijumaa, na katika Ramadhani msiwe barabarani saa ya magharibi. Kuku na mbuzi ndio watakaowatia hasara: mbwa wa mjini akimwona mbuzi anakimbia, naye anakimbia. Kamba haifunguliwi popote penye mifugo. Akimjeruhi, lipeni hapo hapo, msimfundishe mwenye mbuzi kuchunga.

Kamba ashike mtu mzima. Mtoto wa miaka 11 anaweza kushika kamba ya pili, ya heshima tu, wa miaka 8 abebe bakuli.

Kuhusu afya, la kwanza ni chanjo ya kichaa cha mbwa. Huko vijijini atakutana na mbwa wa kuwindia na wa kuzurura, wengi hawajachanjwa. Chanjo ni kila mwaka. Kama ndiyo ya kwanza au ilishapitwa, subirini siku 21 kabla ya kumtoa. Hakikisheni pia ana ile ya distempa na parvo. Mkiumwa na mbwa yeyote, hata kukwaruzwa, osheni kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Msipake pilipili, chumvi wala mafuta ya taa.

Kupe watakuwepo popote ng'ombe wamepita. Nunueni dawa ya mbwa, ya tone la mgongoni au kidonge. Ile ya kuogeshea ng'ombe, ikichanganywa kwa kukadiria na kopo, imeniletea mbwa wengi wanaotetemeka.

Ndorobo, yaani mbung'o, ndio wengi wasiowafikiria. Wapo kuanzia mapori ya Pangani kuelekea Saadani. Tanga inawajua sana wadudu hawa: nzi wa kiume walioondolewa uwezo wa kuzalisha, waliotumika kumaliza ndorobo Unguja katika miaka ya 1990, walilelewa hapa hapa. Kwa mbwa ugonjwa wa ndorobo ni mkali kuliko kwa ng'ombe, unaua kwa wiki chache. Ndorobo hufuata rangi ya bluu na nyeusi na kitu kinachotembea, kwa hiyo msivae bluu, na kamba ya Kito isiwe nyeusi. Kusini ya mto Pangani mimi nisingempeleka kabisa.

Usafiri: daladala sahauni. Kodini gari la mtu mnayeelewana naye tangu mapema, mtandike turubai nyuma na shuka kuukuu juu yake. Asubuhi hiyo Kito asile kitu kizito, chakula apewe akirudi na akishapoa. Msimfungie ndani ya gari hata mara moja "tunanunua madafu tu". Na mabaki ya chakula chenu si yake: pilau ina vitunguu, na kitunguu kinaharibu damu ya mbwa, halafu vijiti vya mishikaki nimevitoa tumboni mwa mbwa kwa kisu.

Mkirudi, msuuzeni kwa maji yasiyo ya chumvi, bahari ikiwa ilimgusa. Kisha mtafuteni kupe kwa vidole: ndani ya masikio, chini ya shingo, kwapani, katikati ya vidole, chini ya mkia. Kwa wiki tatu zinazofuata angalieni fizi kila baada ya siku mbili tatu. Fizi zikipauka, mkojo ukawa rangi ya chai ya rangi, pua ikatoka damu, uso ukavimba, au jicho likaingia ukungu wa bluu na weupe, msingoje Jumatatu. Mkimtumia daktari picha ya jicho, ipigwe mchana nje, kivulini, maana taa ya simu inaficha ule ukungu.